Nyasi za kutandika au za kuchomeka: zipi zitapona Mtwara na Lindi katika wiki za mwanzo

Ingiza mkono katikati ya rundo la mikeka ya nyasi iliyolala kwenye gari tangu jana. Utakuta moto. Hilo si joto la jua. Ni nyasi zenyewe zimebanana, zinakosa hewa na zinaanza kuchemka kama samadi mbichi. Nilipotandika uwanja wa nyumba yetu hapa Chuno, mjini Mtwara, nilipokea mzigo wa namna hiyo. Mikeka ya juu ilikuwa ya kijani, ya katikati imegeuka njano na inatoa harufu ya pumba zilizolowa. Aliyeniuzia akasema niimwagie maji tu, itarudi. Karibu theluthi haikurudi. Msimu ule ule dada yangu, anayekaa Mitwero kule Lindi, alikuwa anachomeka ukoka wake kwa mkono, kishina baada ya kishina, nami nikamwonea huruma kwamba amejitwisha kazi ndefu bila sababu.

Tangu hapo nimetunza nyasi za njia zote mbili, kwangu, kwa dada na kwa majirani wawili, na swali ninaloulizwa getini ni lilelile: nitandike au nichomeke? Wengi huuliza wakiwa wanaangalia uzuri wa siku ya kwanza. Mimi huwauliza kwanza wana maji kiasi gani kwa siku, na huu ni mwezi gani. Huku kwetu Kusini mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua.

Unachonunua hasa

Mkeka ni nyasi zilizokwisha kukua, zimekatwa shambani pamoja na udongo wake kwa unene wa sentimita 2 hadi 4. Ukiutandika, siku hiyohiyo una uwanja wa kijani. Lakini sehemu kubwa ya mizizi imebaki shambani ilikotoka. Una majani mengi yanayopoteza maji juani, na chini mizizi mifupi isiyofika popote. Ndiyo maana mkeka mpya hudanganya macho: unaonekana mzima wakati ndio umo hatarini kuliko utakavyokuwa tena maishani mwake.

Kishina ni kipande cha utambazi, yaani shina la nyasi linalotambaa, chenye vifundo viwili, vitatu au vinne. Unakifukia robo tatu, ncha yenye majani inabaki nje. Siku kumi za mwanzo uwanja unatisha kwa ubaya, unaona mchanga na vitu vikavu vimesimama kama vijiti vya kiberiti. Ila kila mzizi unaotoka pale kwenye kifundo unatoka ndani ya udongo wako. Hauna cha kuzoea.

Tofauti hiyo ina uzito hasa kwenye ardhi yetu. Sehemu kubwa ya Mtwara mjini ni mchanga, na hata ule mwekundu wa kuelekea Naliendele na Newala hupitisha maji haraka. Mkeka uliolimwa kwenye udongo wa mfinyanzi ukiwekwa juu ya mchanga mtupu, maji hukaa ndani ya ule udongo wa mkeka na mizizi inabaki humohumo, haishuki. Baada ya miezi unaweza kuukunja kama jamvi. Kabla ya kununua, vunja kona ya mkeka mmoja uusugue vidoleni. Ukinata kama udongo wa kufinyangia chungu, utafute mwingine, au ujiandae kuchanganya samadi nyingi chini yake.

Kuhusu bei sitasema sana, kwa sababu hubadilika kila msimu na kila muuzaji. Ila uwiano haubadiliki: mkeka wa mita moja ya mraba ukiufumua na kuukata vishina hutosha kuchomeka mita 5 mpaka 10 za mraba. Mwenye eneo kubwa na fedha ndogo, hesabu hiyo tu inaweza kumpa jibu.

Kalenda ya Kusini si ya Dar es Salaam

Maelekezo mengi ya bustani tunayoyasoma yanazungumzia vuli na masika. Lindi na Mtwara hatuna misimu miwili ya mvua. Tumo kwenye kundi la mikoa ya mvua za Msimu, zinazoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili, mara nyingine mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo kusi inavuma, mbingu zinafunga, na kuanzia Juni mpaka Oktoba ni maji ya bomba, ya kisima au ya kununua.

Kuna mtego hapa nimeuona ukinasa watu wengi. Minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba. Fedha ikiingia mtu anamalizia nyumba, anapiga rangi, anaweka geti, na anataka nyasi kabla ya Krismasi. Oktoba na nusu ya kwanza ya Novemba ndicho kipindi kibaya kuliko vyote vya kutandika mkeka: jua kali, ardhi imekauka hadi chini, mvua haijafika. Kama fedha umepata mwezi huo, tumia wiki hizo kuandaa ardhi. Ondoa zege na kokoto za mafundi, ng'oa ndago, sambaza samadi, sawazisha, mwagilia mara moja ili mbegu za magugu ziote, kisha uyapalilie yote. Nyasi zije mvua zikishashika, Desemba.

Angalia pia mwishoni mwa Januari na Februari. Mara nyingi mvua hukatika kwa wiki moja au mbili katikati ya msimu. Mkulima wa mahindi anaijua vizuri hali hiyo. Aliyechomeka vishina mwanzoni mwa Januari akifikiri mvua itamfanyia kazi yote anaweza kuvipoteza katika siku hizo kumi. Weka mpira tayari hata kama mawingu yamejaa.

Ukiagiza mikeka kutoka Dar es Salaam, ujue mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na mkeka unatakiwa kuwa chini ndani ya saa 24 tangu kukatwa. Gari likipakia jioni na kusafiri usiku inawezekana, kama mikeka imekatwa mchana uleule na kama una watu wanaosubiri alfajiri. Lakini mwisho wa msimu wa mvua barabara ile si ya kuwekea dhamana. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakalala njiani. Mzigo wa saruji ungesubiri, wa nyasi usingesubiri. Mimi sasa sinunui mkeka ambao sijauona ukikatwa, au angalau shamba lake liwe umbali wa kufika na kurudi siku moja.

Hesabu ya maji

Watu huniambia, "Nitachomeka kwa sababu sina maji ya kutosha kutandika." Nami niliamini hivyo, mpaka nilipokaa na kalamu. Chukua uwanja wa mita 10 kwa 10, wakati wa kiangazi, bila tone la mvua. Kumbuka milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na uniti moja kwenye ankara ni lita 1,000. Makadirio yangu, kwa mchanga wa hapa, ni haya:

| Kipindi | Mkeka | Vishina |
|---|---|---|
| Wiki 1–2 | lita 550 kila siku, kwa awamu tatu | lita 450 kila siku, kwa awamu mbili |
| Wiki ya 3 | lita 1,000, siku moja ndiyo moja hapana | lita 450 kila siku |
| Wiki ya 4 | kama wiki ya 3 | lita 700, siku moja ndiyo moja hapana |
| Wiki 5–9 | lita 1,000 mara mbili kwa wiki | lita 700, siku moja ndiyo moja hapana |
| Jumla | karibu uniti 25 | karibu uniti 24 |

Yaani zinakaribiana. Vishina vinakunywa kidogo kila siku lakini vinakunywa muda mrefu, kwa sababu mchanga ulio wazi kati yao unakauka upesi. Anayechagua kuchomeka ili aokoe ankara ya maji hataokoa kitu, labda mvua imlipie.

Kinachotofautiana ni uvumilivu. Mkeka ukikosa maji siku moja katika wiki ya kwanza, kingo zinasinyaa, maungio yanafunguka kama tofali lililokosa lipu, upepo unaingia chini, na pale hapaponi kirahisi. Vishina vya ukoka vikikosa siku moja unapoteza baadhi, na vilivyobaki vitatambaa kuziba pengo. Kwa hiyo usijiulize maji yote yatakuwa kiasi gani. Jiulize: je, naweza kupata lita 550 kila siku, siku 14 mfululizo, bila kukosa hata moja? Mtaa wenu ukiwa na mgao, maji yanatoka kila baada ya siku tatu, basi unahitaji tenki la lita 2,000 la nyasi peke yake, mbali na la jikoni na la kufulia. Huna? Usitandike kiangazi. Subiri.

Na wakati wa mvua, weka kopo lenye kuta zilizonyooka katikati ya uwanja. Mvua ikiacha maji ya kina cha milimita 10, imekupa lita 1,000 kwenye huo uwanja wa mita 100 za mraba, na siku hiyo usimwagilie. Manyunyu ya milimita 2 yanayolowesha majani tu usiyahesabu.

Mkeka: siku za mwanzo ndizo kazi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotelea, na ndipo nilipopotelea mimi.

Ardhi iwe tayari kabla gari halijafika. Samadi iliyooza vizuri, iliyokaa miezi mitatu au zaidi, tandaza unene wa sentimita 2 au 3. Kwa mita 100 za mraba ni toroli 35 hadi 50, si mzaha. Ichanganye na mchanga kina cha sentimita 10 hadi 15. Samadi mbichi inaunguza mizizi, inaleta mbegu za magugu na inaita mchwa, na huku mchwa hawahitaji kuitwa mara mbili. Usawa wa ardhi uwe chini ya njia ya zege kwa sentimita 2 au 3, la sivyo mkeka utasimama juu ya ukingo na kukauka upande.

Mwagilia ardhi usiku wa kuamkia siku ya kutandika. Mizizi mifupi ikigusa mchanga mkavu wa moto, inaungua kabla hujamaliza safu ya pili. Anza alfajiri. Panga mikeka kama tofali za ukuta, ungio la safu hii lisikutane na ungio la safu inayofuata, na uibananishe bila kuipandanisha. Usiunyooshe mkeka kwa kuuvuta. Ukivutwa, kesho utajirudi na kuacha ufa. Nafasi ndogo zijaze mchanga uliochanganywa na samadi. Kisha ushindilie. Pipa la lita 200 lenye maji nusu, likibingirishwa na watu wawili, linatosha kabisa, au ubao mpana unaokanyagwa. Pengo la hewa chini ya mkeka ni kifo cha pale pale.

Usisubiri kumaliza uwanja wote ndipo umwagilie. Safu mbili tatu zikiisha, mmoja anashika mpira. Kumwagilia kwa kwanza kuwe kwa nguvu, lita 10 kwa kila mita ya mraba (siku hiyo moja tu, nje ya hesabu ya jedwali), ambazo kwenye mchanga wetu hushuka karibu sentimita 10. Inua kona uangalie: udongo wa chini ukiwa mkavu hujamwagilia, hata kama juu pameshakuwa dimbwi.

Wiki ya kwanza na ya pili, awamu tatu: alfajiri, saa nne au saa tano asubuhi, na saa tisa alasiri. Awamu ya kwanza iwe kubwa kuliko zote. Hiyo ya saa nne watu wengi hawaiamini, wamefundishwa kwamba maji ya juani yanaunguza majani. Hayaunguzi. Kinachounguza mkeka mpya ni kukosa maji saa sita mchana. Ninachokukataza ni kumwagilia magharibi na usiku. Hewa ya pwani ina unyevu, majani yanalala yamelowa, na mabaka ya ukungu yanaanza yakiwa mduara mdogo wa kahawia ambao keshokutwa umekuwa sinia.

Dalili za kiu usisubiri njano. Kwanza rangi inakuwa ya kijivu-samawati, halafu ukikanyaga, unyayo unabaki, nyasi hazinyanyuki. Ukiona hivyo una saa chache tu.

Siku ya 10 mpaka ya 14, shika kona ya mkeka uivute taratibu. Ikikataa, mizizi imeshuka. Hapo badilisha utaratibu: maji mengi, mara chache. Watu wengi hapa ndipo wanapokosea kwa upendo. Wanaendelea kunyunyiza kidogo kila siku, mizizi inabaki juu kusubiri maji, na mwezi wa nane ukifika na kusi yake, uwanja unakauka wote kwa siku tano. Acha sentimita mbili za juu zikauke kabla hujamwagilia tena. Nyasi zitalalamika kidogo, na mizizi itayafuata maji chini.

Hakuna kukanyaga wiki tatu. Si watoto, si kiti cha plastiki, si kuku. Kama lazima upite, weka ubao.

Vishina: kazi si maji, ni mikono

Utunzaji wa vishina ni rahisi kueleza na mgumu kutenda. Chora mifereji ya kina cha sentimita 5, umbali wa sentimita 15 hadi 20 kati ya mmoja na mwingine, laza vishina, fukia ukiacha robo nje, kanyaga kwa kisigino, mwagilia palepale. Vishina visikae nje ya kivuli hata nusu saa. Viweke kwenye kiroba kilicholowa. Tandaza mboji laini juu, kama sentimita moja, kupunguza ukaukaji. Asubuhi na alasiri maji, kwa mnyunyizo laini, maana mpira wenye nguvu unavifukua.

Halafu inaanza palizi. Kwenye mkeka magugu hayana mwanga wa kuotea. Kwenye vishina asilimia kubwa ya ardhi iko wazi kwa wiki sita mpaka kumi, na ndago inajua hivyo. Ndago haing'oki kwa kuvuta jani. Inaacha kokwa chini na kokwa inatoa mche mwingine. Inachimbwa kwa kisu kirefu, moja moja. Dada yangu alikuwa anachuchumaa kila asubuhi saa moja kabla ya kwenda kazini. Nilimpigia simu wiki ya tano.

"Shikamoo dada. Nyasi zinaendeleaje?"

"Marahaba mdogo wangu. Nyasi ni nusu, ndago ni nusu. Kwako vipi, ile mikeka?"

"Theluthi imekufa. Nimetoa, nimebaki na mabaka."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi usinunue tena. Njoo uchukue vishina kwangu uchomeke kwenye mabaka."

Nilikwenda na basi la asubuhi, kilomita kama 105, nikarudi na viroba viwili vilivyolowa. Yale mabaka yaliziba kwa wiki saba, na hadi leo ndiyo sehemu ngumu zaidi ya uwanja wangu kiangazi. Ninapolinganisha njia hizi mbili, ushahidi huo uko mlangoni kwangu, sikuusoma mahali.

Ardhi ya mteremko

Kuna hali moja ambayo vishina vinashindwa kabisa. Lindi mji umelala chini ya vilima, na viwanja vingi vinashuka. Mvua ya Januari ikipiga mteremko wenye vishina vya wiki mbili, unavikuta mtaroni vimechanganyika na mchanga wako. Mteremko unataka mkeka, uliolazwa kukatisha mteremko na si kushuka nao, na kila kipande kimepigiliwa vigingi viwili vya mianzi vya urefu wa sentimita 15. Hata kama eneo lote lingine umechomeka, hapo toa fedha.

Ukoka, au nyasi za majani mapana?

Hili nitalipita haraka. Ukoka unataka jua kutwa, unavumilia kiangazi na chumvi ya wastani, na unatambaa upesi, kwa hiyo ni mzuri kwa njia zote mbili. Hauvumilii kivuli. Chini ya mwembe au mkorosho utakonda na kufa, hata uumwagilie vipi. Nyasi za majani mapana, zile ambazo wengine huziita za Pemba, zinakubali kivuli cha kiasi na upepo wa chumvi, na ukanyagaji wake ni laini, ila zinataka maji zaidi na hazipendi kukatwa chini sana. Nyumba za Shangani na Mikindani zilizo karibu na bahari na visima vya maji yenye ladha ya chumvi, jaribu maji hayo kwenye kipande cha mita moja kwa wiki tatu kabla hujanunua nyasi za uwanja mzima. Ncha zikiungua kahawia ilhali udongo umelowa, tatizo ni chumvi, na dawa yake ni kumwagilia maji mengi kwa wakati mmoja yaisukume chini, si kidogo kidogo.

Mpira, springla au ndoo

Kwa mkeka, springla ndogo inayozunguka ni bora kuliko mkono, kwa sababu mkono huchoka na pembe za uwanja husahaulika. Panga makopo matano sehemu mbalimbali, ifungulie dakika 20, uone lipi limejaa na lipi halina kitu. Upepo wa kusi huhamisha maji yote upande mmoja. Presha ya bomba ikiwa ndogo, springla haitazunguka, basi shika mpira wenye kichwa cha kunyunyizia. Ndoo inawezekana kwa vishina vya eneo dogo. Kwa mkeka wa mita 100, lita 550 ni ndoo 27 kubwa kwa siku, na nimeona vijana wawili wakikata tamaa siku ya nne.

Mbolea, wadudu na kukata

Kwenye njia zote mbili, usiweke urea wiki nne za kwanza. Baada ya hapo, kilo 1 ya urea kwa mita 100 za mraba inatosha, ikirushwa majani yakiwa makavu na kumwagiliwa mara moja. Mchanga wetu haushiki mbolea, hivyo kidogo kila baada ya wiki sita hadi nane wakati wa mvua ni bora kuliko nyingi mara moja, ambayo mvua ya kwanza itaipeleka chini kusiko na mizizi.

Mchwa hushambulia mkeka uliokauka kingo; dawa ya kwanza ni maji na kuondoa vipande vya mbao za mafundi vilivyofukiwa. Viwavijeshi huja na mvua za mwanzo, na mkeka mpya wenye majani laini ni karamu yao. Ukiona ndege wanadonoa uwanja kwa wingi na majani yamepungua usiku mmoja, mwaga ndoo ya maji ya sabuni ya unga kwenye mita moja ya mraba. Kama wamo, watapanda juu ndani ya dakika chache, nawe utajua cha kumuuliza mwenye duka la pembejeo.

Kukata: mkeka, wiki ya tatu ikiisha, baada ya kona kukataa kuvutwa. Vishina, wiki ya sita au ya saba, na kukata huko kunavifanya vitambae zaidi. Usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja. Ukoka ubaki sentimita 3 hadi 4, majani mapana 5 au zaidi. Kisu cha mashine kiwe kikali, kwa sababu butu linanyofoa mkeka ambao bado haujashika sawasawa. Kwa mara ya kwanza mimi napendelea fyekeo lililonolewa kuliko mashine nzito.

Ningekuwa wewe

Una kisima au tenki kubwa, ardhi tambarare, haraka ya shughuli nyumbani, na shamba la nyasi liko karibu: tandika, ila tandika Desemba hadi Machi, mvua ikusaidie. Una muda, una mikono miwili ya kupalilia, fedha ni za kuhesabu: chomeka mwisho wa Desemba, usisubiri Aprili, kwa sababu vishina vya Aprili vinaingia kiangazi kabla havijaziba. Una maji ya mgao na huu ni mwezi wa saba: usifanye lolote kabla ya mvua zaidi ya kuandaa ardhi. Najua hilo si jibu watu wanalotaka getini. Ni jibu ninalolitoa kwa moyo wote, kwa sababu nimesimama juu ya mikeka iliyokufa nikiwa nimeshika mpira usiotoa maji.

Msimu uliopita dada alinunua mikeka kwa mara ya kwanza, mita 18 tu za mraba, kwa ajili ya ule mteremko wa nyuma unaoshuka mtaroni. Tuliilaza pamoja asubuhi moja ya Januari, mimi nikichonga vigingi vya mianzi, yeye akipigilia kwa jiwe. Usiku wa tatu mvua kubwa ilipiga na hatukulala vizuri sote wawili. Siku ya 12 alinipigia simu alfajiri, kabla sijamwamkia akasema amevuta kona ya chini kabisa, ile iliyo karibu na mtaro, na imekataa. Aliniuliza kama ang'oe vigingi. Nikamwambia aviache, vitaozea humohumo.